Punda wa Mefiboshethi

Neno la kutafakari: 2 Samweli 16:1–4 na 19:24–30



Habari ya Mefiboshethi mwana wa Yonathani mnaijua. Watoto wa shule ya Jumapili huisimulia: jinsi alivyokuwa mtoto wa miaka 5 habari mbaya za vita zilipofika, mlezi wake akamchukua akakimbia, na katika haraka ile mtoto akaanguka, akawa kiwete wa miguu yote miwili (2 Samweli 4:4). Tena husimulia jinsi mfalme Daudi alivyomtafuta baada ya miaka mingi kwa ajili ya agano lake na Yonathani, akamwita kutoka Lo-debari, akamketisha mezani pake kama mmoja wa wana wa mfalme (2 Samweli 9). Wahubiri wengi huishia hapo, nao wasikiao hurudi nyumbani wakiwa na furaha, kila mtu akisema moyoni mwake: Tazama, kiwete amepata chakula, neno limekwisha.

Lakini Maandiko hayaishii hapo. Iko habari ya pili ya mtu huyu, nayo husomwa mara chache. Absalomu alipomwasi baba yake, Daudi alitoka Yerusalemu kwa miguu pamoja na watu wake. Akavuka kijito cha Kidroni, akaupanda mlima wa Mizeituni bila viatu, akilia. Ilikuwa safari ya mlima na nyika, ya jua na mawe. Alipopita kilele kidogo, akaja Siba, mtumishi wa Mefiboshethi, pamoja na punda wawili waliotandikwa, na mikate 200, na vichala 100 vya zabibu kavu, na matunda 100, na kiriba cha divai. Mfalme akamwuliza habari za bwana wake, yuko wapi. Siba akajibu ya kuwa amekaa Yerusalemu, akitumaini kurudishiwa ufalme wa baba yake. Mfalme akasadiki, akampa Siba mali yote ya Mefiboshethi siku ile ile.

Hata mfalme aliporudi kwa amani, ndipo kweli ilipojulikana. Mefiboshethi alishuka kumlaki, hali hakuiosha miguu yake wala kufua nguo zake tangu siku mfalme alipoondoka. Mfalme akamwuliza kwa nini hakufuatana naye. Naye akaeleza: alikuwa amekusudia kutandikiwa punda ampande, aende pamoja na mfalme, kwa kuwa yeye ni kiwete, lakini mtumishi wake alimdanganya. Punda walikwenda, mikate ilikwenda, Siba alikwenda. Kiwete akaachwa.

Ndugu zangu, angalieni vema jambo hili. Mezani alikuwa na nafasi. Safarini hakuwa na nafasi. Kula pamoja na mfalme aliruhusiwa. Kupanda mlima pamoja naye alinyimwa, wala si kwa amri ya mfalme, bali kwa sababu mtu mmoja alimchukua punda wake, na mtu mwingine, aliyekuwa mwema, hakuuliza mara ya pili.

Nami nataka tulitazame jambo hili katika sharika zetu, maana sisi nasi tumejenga meza. Kanisa letu limefundisha wasioona huko Irente karibu na Lushoto, na viziwi huko Mwanga. Sadaka hutolewa, nguo hugawanywa, wazee wa kanisa huwatembelea wasioweza kutoka nyumbani. Tunamshukuru Mungu kwa hayo yote. Lakini siku ile vijana wa usharika wanapofunga safari ya kupanda mlima, au watoto wa Kipaimara wanapokwenda kuyaona maporomoko ya maji, au wanakwaya wanapokwenda kuogelea ziwani, ni nani abakiye? Yule wa magongo huambiwa alinde viatu na masufuria. Yule asiyeona huambiwa ya kuwa ataletewa habari. Na mtoto wa kiti cha magurudumu haambiwi neno lo lote. Husikia tu vicheko vya wenzake vikipungua njiani. Jioni huletewa tunda, nasi tunasema tumemkumbuka.

Meza ipo, punda hayupo. Haya ndiyo ninayotaka tuyafikiri, kwa mambo manne.

Jambo la kwanza: Mefiboshethi alisemewa na mtu mwingine.

Mfalme alitaka kujua habari zake, lakini hakumwuliza mwenyewe, akamwuliza Siba. Naye Siba alikuwa na jibu tayari. Hivi ndivyo ilivyo mpaka leo. Tunamwuliza mama, tunamwuliza mjomba, tunamwuliza mwalimu: Je, mtoto huyu aweza kwenda? Nao hujibu kwa upendo, na kwa hofu, na pengine kwa uchovu: La, hawezi, mwacheni apumzike. Mwenyewe ameketi palepale, masikio yake yasikia, kinywa chake chaweza kusema, wala hapana aliyemgeukia.

Tena tukumbuke ya kuwa Siba alipata faida. Alipewa mashamba. Sisi nasi twapata faida tunapomwacha ndugu yetu: twaenda upesi, twarudi mapema, hatubebi mzigo, hatutafuti njia nyingine. Kisha faida yetu twaiita huruma. Twasema, Tusimchoshe. Lakini aliyeokolewa na uchovu ni nani? Kila mtu na ajichunguze, maana huruma imfungiayo mtu ndani pasipo kumwuliza si huruma bado; yaweza kuwa uvivu uliovaa kanzu.

Bwana wetu hakufanya hivyo. Bartimayo kipofu alipopaza sauti kando ya njia ya Yeriko, watu walimkemea anyamaze. Lakini Bwana alisimama, akaamuru aitwe, akamwuliza anataka afanyiwe nini (Marko 10:46–52). Yeye ajuaye yaliyomo moyoni mwa mtu aliuliza! Aliuliza kwa sababu kumwuliza mtu ni kumheshimu. Basi, twendeni tukaulize. Wako watakaosema, Mimi sitaki mlima, napenda kukaa na kuimba. Hao waachwe kwa heshima, kama vile tuwaachavyo wenye miguu mizima wasiopenda kupanda. Lakini wako watakaosema, Nimengoja miaka mingi mtu aniulize neno hili.

Wala tusimtake atoe sababu kubwa. Mchungaji Richard Reusch wa Misioni ya Leipzig alikipanda Kibo mara nyingi sana, hata kasoko iliyoko kileleni ikapewa jina lake. Hatuoni ajabu kwamba mtu mwenye nguvu apende mlima. Twasema, Mlima ni kazi ya vidole vya Mungu, na roho ya mtu hufurahi huko juu. Je, roho ya kiwete si roho? Tena asipande ili awe mfano wa kutushangaza sisi, wala tusimpige picha kama kitu cha maonyesho. Mefiboshethi hakutaka kupanda mlima wa Mizeituni ili watu wamsifu. Alitaka kwenda kwa sababu rafiki zake walikuwa wakienda. Hiyo yatosha.

Jambo la pili: Mefiboshethi hakuhitaji miguu mipya, alihitaji punda.

Mwangalieni alivyo na akili safi. Hakusema, Laiti ningalikuwa mzima. Alijua hali yake, akajua na kipimo cha haja yake: punda mmoja, na tandiko, na mtu wa kumtandika. Kizuizi hakikuwa miguu yake tu. Kizuizi kilikuwa punda aliyechukuliwa. Mara nyingi twatazama miguu ya mtu, tukasema, Mungu hakutaka. Kumbe Mungu amekwisha kuleta punda, naye amefungwa katika zizi letu.

Mlima wetu wa Kilimanjaro, wenye kimo cha mita 5,895, umeyashuhudia mambo haya. Mwaka 1969 vijana saba wasioona wa nchi zetu za Afrika ya Mashariki walifika kileleni. Mmarekani Erik Weihenmayer, aliyepoteza macho yake akiwa kijana, alipanda Kilimanjaro mwaka 1997, na tarehe 25 Mei 2001 akasimama juu ya mlima Everest, ulio mrefu kupita yote duniani. Je, punda wake alikuwa nini? Alikuwa na fimbo mbili za kupapasia njia, na rafiki aliyetangulia mbele yake akiwa na kengele ndogo. Asiyeona huifuata sauti ya kengele, na rafiki humwambia, Hapa pana jiwe kubwa, hapa ni shimo upande wa kushoto. Kengele ndogo, ndugu zangu! Kila nyumba ya mfugaji wa mbuzi inayo.

Mwaka 2012, tarehe 15 Januari, Mmarekani mwingine, Kyle Maynard, aliyezaliwa na mikono inayoishia viwikoni na miguu inayoishia magotini, alifika kilele kile kile akitambaa, viungo vyake vimefungwa kinga ngumu zisiumizwe na mawe. Katika mwaka uo huo Spencer West, aliyekatwa miguu utotoni, alifika huko pia, sehemu kubwa ya njia akiipanda kwa mikono yake.

Na huko Ufaransa, mwaka 1987, Joël Claudel, aliyekuwa kiongozi wa wapandao milima, alimtengenezea mtoto wa ndugu yake, ambaye misuli yake ilikuwa imedhoofika, kiti cha gurudumu moja kiitwacho joëlette. Mbele kina mikono ya kuvutia na nyuma kina mikono ya kusukumia na kusawazisha, ili mtu mmoja atangulie na mwingine afuate. Kwa kuwa gurudumu ni moja tu, kiti kile hupita katika njia nyembamba ya mguu, mahali ambapo kiti cha magurudumu manne hakiwezi kupita. Wapagazi wa Kilimanjaro wanaijua hekima hiyo, maana wagonjwa huteremshwa mlimani kwa machela yenye gurudumu moja. Basi fundi wetu wa chuma, na seremala wetu, na yule atengenezaye baiskeli sokoni, je! hawawezi kukaa pamoja, wamwite na mwenye kukikalia kiti, wafikiri jinsi ya kumtandikia punda?

Serikali nayo imetutangulia katika neno hili. Mwaka 2006 Umoja wa Mataifa ulikubali Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na kifungu chake cha 30 kinasema habari za michezo na mapumziko, si habari za chakula na dawa tu. Tanzania iliuridhia mkataba huo mwaka 2009, na mwaka 2010 ikatunga sheria yake. Itakuwa aibu kwetu sheria ya nchi ikimkumbuka mtu ambaye usharika wake umemsahau.

Jambo la tatu: Mefiboshethi alilemazwa na mtu aliyembeba kwa haraka.

Neno hili nalisema kwa wale wenye bidii nyingi. Mlezi yule hakuwa mwovu. Alimpenda mtoto, akataka kumwokoa. Lakini alikimbia kwa hofu, akamwangusha. Upendo usio na uangalifu waweza kuvunja miguu. Kwa hiyo mtu asitoke kanisani leo, akamchukua ndugu yake mgongoni, akaenda naye mlimani pasipo matengenezo, akisema mhubiri ameamuru.

Mlima haumpendelei mtu. Juu ya Kilimanjaro pumzi ipatikanayo ni kama nusu ya ile ya pwani, na ugonjwa wa mahali pa juu humshika hata kijana mwenye kifua kipana, kwa kuwa hautazami nguvu, hutazama haraka. Dawa yake ya kwanza ni kwenda pole pole, na dawa yake kubwa ni kushuka mara dalili zinapozidi. Kichwa kikiuma sana, mtu akitapika, au akipepesuka kama mlevi, basi ashushwe, awe kiwete au awe mzima, wala pasiwe na mashindano.

Tena kila hali ina uangalifu wake. Aliyeumia uti wa mgongo huenda asisikie maumivu penye mapaja na matako. Akikaa kutwa juu ya kiti kinachorukaruka, ngozi yake yaweza kuchubuka na kuwa kidonda kikubwa asijue. Awekewe mto mzuri, ainuliwe mara kwa mara, na ngozi yake itazamwe kila jioni na mtu anayemwamini. Huenda pia mwili wake usijipashe joto wala kujipoza vema. Basi mavazi yake yafikiriwe mapema. Kiziwi apatane na kiongozi juu ya ishara kabla ya kuondoka, na usiku taa iangaze uso na mikono ya asemaye, maana gizani ishara hazionekani. Mwenye ualbino afunikwe kofia pana na mikono mirefu, apakwe dawa ya ngozi, maana jua la juu ni kali kuliko la bondeni, hata siku ya baridi. Mwenye kifafa amwone daktari kwanza, tena asiende ziwani pasipo mwogeleaji karibu naye. Na wote waulizwe wao wenyewe, kwa kuwa hapana aujuaye mwili kama mwenye mwili.

Wala tusiwasahau wabebao. Mpagazi ni ndugu yetu pia. Kanuni ya mlimani ni kwamba mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20. Tukimpandisha mtu mmoja kwa kumwonea mwingine, hatukutenda haki; tumehamisha tu mzigo wa dhuluma kutoka bega moja mpaka bega jingine. Wabebao wawe wa kutosha, wapokezane, wale vizuri, walipwe ujira wao kamili bila kucheleweshwa.

Mtu atasema: Mambo haya ni mengi, na Kilimanjaro ni ghali. Ni kweli. Lakini nani aliyesema tuanze na kilele? Usharika ulio karibu na Marangu na uanze na maporomoko yaliyo karibu. Mwaka wa pili waifikirie njia ya msituni iendayo Mandara, penye kimo cha mita 2,700 hivi. Wa Usambara wanavyo vilima vyao, wa Ukerewe wanalo ziwa, wa pwani wanayo bahari. Mungu hakuweka uzuri wake mahali pamoja tu. Hata kilima cha nyuma ya kanisa ni mlima kwa mtu ambaye miaka 20 amekitazama dirishani.

Jambo la nne, nalo ndilo kubwa: hapana aibu katika kubebwa.

Mwaka 2009 Mmarekani Chris Waddell, ambaye miguu yake ilipooza kwa ajali, alipanda Kilimanjaro katika gari dogo aliloliendesha kwa nguvu za mikono. Wapagazi walimtandikia mbao mahali penye mchanga na mawe, ili magurudumu yashike. Alikusudia kuimaliza njia yote kwa mikono yake mwenyewe. Lakini karibu na juu palikuwa na mawe makubwa yasiyopitika, wakambeba kwa hatua chache. Tarehe 30 Septemba alifika kileleni. Lakini hatua zile chache zilimwuma moyo, akajiona ameshindwa, mpaka alipotambua, kama alivyosimulia mwenyewe, ya kuwa hapana mtu apandaye mlima peke yake.

Ndugu zangu wenye ulemavu mnaoyasoma maneno haya, au mnaosomewa, hapa nataka kusema nanyi. Huenda mmoja wenu amesema: Nikienda nitakuwa mzigo, afadhali nikae. Msikilizeni Mwokozi wetu. Alipokuwa akiingia Yerusalemu, aliposhuka mlima ule ule wa Mizeituni ambao Daudi aliupanda, alituma wanafunzi wawili wakamletee mwana-punda, waseme ya kuwa Bwana ana haja naye (Marko 11:1–7). Bwana wa mbingu na nchi alikuwa na haja! Aliazima punda, wala hakuona haya. Usiku ule wa kusalitiwa kwake alivuka kijito kile kile cha Kidroni (Yohana 18:1). Na kesho yake, alipokuwa akipelekwa Golgotha, askari walimshika Simoni Mkirene, wakamtwika msalaba, auchukue nyuma ya Yesu (Luka 23:26). Basi katika safari iliyo kuu kupita zote, safari ya kutuokoa, Mwana wa Mungu hakutembea pasipo msaada. Je, ninyi mtaona haya kwa jambo ambalo Bwana wenu hakuliona haya? Tena alipofufuka, hakuzificha alama za mikono na miguu yake. Aliwaonyesha wanafunzi, nao wakafurahi.

Na ninyi mlio na miguu mizima, mwajidhania kwamba mlipanda kwa nguvu zenu? Ninyi nyote mlibebwa. Mlibebwa tumboni, mkabebwa mgongoni, mkabebwa mpaka kwenye maji ya Ubatizo hamjui hata kusema jina lenu. Hiyo ndiyo Injili tuliyofundishwa tangu utoto: mtu hapandi kwa Mungu kwa matendo yake, Mungu ndiye aliyeshuka, akatuchukua mabegani kama mchungaji amchukuavyo kondoo aliyepotea, tena kwa furaha. Basi tukiokolewa kwa kubebwa, kwa nini tumdharau abebwaye? Na tukifurahiwa tunapobebwa, kwa nini tunung'unike tunapobeba?

Sasa turudi kwa Mefiboshethi mara ya mwisho. Mfalme, alipoisikia kweli, aliamuru mashamba yagawanywe nusu kwa nusu. Mefiboshethi akajibu ya kwamba Siba na ayatwae yote, madhali mfalme amerudi kwa amani. Oneni moyo wake! Hakudai mashamba. Alichokipoteza hakikuwa shamba. Alipoteza siku zile ambazo Daudi alikuwa nyikani, siku za njaa na kiu na hofu, siku ambazo rafiki hujulikana. Na siku hizo hapana mfalme awezaye kuzirudisha. Ndivyo ilivyo kwa kijana wetu aliyeachwa kulinda viatu. Tunda tulilomletea lilikuwa tamu. Lakini wimbo ulioimbwa kileleni hakuuimba, mvua iliyowanyeshea wenzake haikumnyeshea, na wanapokumbushana na kucheka hana neno la kuongeza. Mwaka ujao atakuwa mtu mzima.

Kwa hiyo nawasihi wachungaji, na wazee wa kanisa, na viongozi wa Umoja wa Vijana: kabla ya kuandika siku ya safari, andikeni kwanza majina ya wale ambao kwa desturi hubaki. Nendeni nyumbani kwao, mkawaulize wao wenyewe, mama zao wakisikia. Chagueni mahali na mwendo pamoja nao. Safari isipangwe kwanza kwa wenye mbio, kisha kiwete atafutiwe nafasi ya mwisho. Ipangwe tangu mwanzo kwa wote. Na kama mwaka huu punda hajapatikana, basi safari na ingoje kidogo. Mlima hautakimbia.

Na tuombe:

Ee Bwana Yesu Kristo, uliyeazima punda, ukakubali kusaidiwa njiani, twakushukuru kwa kuwa umetubeba sisi tusioweza kufika kwa Baba kwa nguvu zetu. Utusamehe kwa kuwa tumewapa ndugu zetu mkate, tukawanyima njia. Utupe masikio ya kuuliza na kusikia, mikono ya kubeba pasipo haraka wala hofu, na moyo wa kungoja. Uwape wale walioachwa nyuma ujasiri wa kusema haja yao, na furaha ya kuyaona matendo ya mikono yako. Na siku ile utakapotukusanya katika mlima wako mtakatifu, asikosekane hata mmoja. Amina.